Ubongo wa Muda

"Inatangazwa kwa wananchi wote, wakulima na wafanyakazi, kwamba Mkoa umeamua kujitengenezea mashine ya kufikiri, iitwayo kompyuta, kwa gharama nafuu na kwa kuacha nafasi ya maendeleo ya baadaye!"

Landrova ya matangazo ilizunguka na habari hiyo kuanzia sokoni Tabora mpaka Ipuli, ikafika hadi Sikonge, ambako wakulima waliipigia makofi kwa heshima kisha wakarudi kwenye tumbaku yao. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, kila jambo lilianza na kamati, na hili nalo halikukosa yake. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Justus Lugembe, mtu pekee mkoani aliyewahi kufika penye kompyuta, huko Dar es Salaam, ingawa siku hiyo mlango ulikuwa umefungwa. Karani wa kamati alikuwa Zamda wa Ipuli, mwepesi wa mkono kwenye taipureta na mwepesi zaidi wa ulimi.

Kamati ikakaa kuchagua vifaa, na busara yake haikuwa ya kitoto. Mtu mwenye fungu dogo, alieleza mwenyekiti, asinunue kinachomtosha leo. Anunue kitakachomtosha keshokutwa, hata kama leo hakifanyi kazi. Kwa msingi huo walianza na kasha. Fundi Mabruki, seremala, aliagizwa alichonge kwa mninga, kubwa kushinda kabati la bibi harusi, ili maendeleo yakija yasikose pa kuingilia. Ndani zikawekwa droo za kumbukumbu, zote tupu, kwa kuwa mambo ya kukumbukwa yalikuwa bado hayajatokea. Ikanunuliwa feni, maana kompyuta ikifikiri hupata joto. Ukanunuliwa na waya mnene wa umeme, wa kuweza kutumika hata katika vijiji ambavyo umeme haujafika.

"Na ubongo?" aliuliza Mabruki, misumari ikiwa mdomoni.

"Ubongo ndicho kifaa ghali," alisema Ndugu Justus. "Huo tutaupachika baadaye, hali ikiruhusu. Kwa sasa tuweke wa muda."

Kamati nzima ikamgeukia Zamda.

Basi Zamda akawa ubongo wa muda. Kila asubuhi aliingia kashani na taipureta yake, Mabruki akakomea mlango kwa nje. Mtu alitamka swali lake kwenye kidirisha, Zamda akapiga hesabu gizani, na jibu likatokea upande wa pili kwenye karatasi. Wananchi waliridhika. Feni nayo haikuwa mbaya, ila mgongo ulimuuma mno, na mchana alisikia harufu ya maandazi ya jirani akashindwa hata kuagiza moja. Alivumilia, kazi ni kazi, mpaka ilipopangwa harusi ya mdogo wake Tatu. Mama yao alikuwa ameshafariki. Zamda ndiye aliyemlea Tatu tangu anatambaa, na ndiye wa kumshika mkono na kumkabidhi kwa mumewe. Siku hiyohiyo ndiyo mkubwa mmoja wa wizarani, Ndugu Shomari, alikuwa anakuja kutoka Dar es Salaam kuikagua mashine kutwa nzima.

"Shikamoo mzee," Zamda alianza. "Naomba ruhusa ya siku ile ya harusi."

"Marahaba. Ruhusa huomba mtumishi, Zamda. Wewe kwa sasa ni kipuri. Kipuri hakiendi harusini."

"Mzee, Tatu hana mama. Nani atasimama naye?"

Ndugu Justus hakuwa mtu katili. Alifikiri kidogo, akampa ushauri kwa upole wote wa ofisi yake.

"Weka mama wa muda."

Zamda alirudi nyumbani analia njia nzima, na uchungu ulipokwisha zikabaki hasira. Hasira zile zilimfaa.

Asubuhi ya ukaguzi alifika ofisini na khanga mpya, hina mikononi.

"Mzee, si tulikubaliana kwamba kifaa hafifu kinatolewa mara kinapopatikana kilicho bora?"

"Huo ndio msingi wetu."

"Sasa mkubwa anatoka Dar es Salaam kote huko, tumwonyeshe ubongo wa karani? Wakati hapahapa mkoani kuna ubongo uliokwenda kozi hadi Morogoro?"

Ndugu Justus akatazama huku na huku akiutafuta ubongo huo. Alipoupata akashusha macho kwa unyenyekevu. "Ni kweli," alisema. "Utabaki nje usome karatasi, kisha uende." Akalegeza vifungo vya kaunda suti, akaingia. Mabruki akakomea.

Ndugu Shomari, Mzaramo wa Kisarawe mwenye tumbo la kucheka, alifika na kwenda moja kwa moja kwenye kidirisha.

"Saba mara nane ni ngapi?"

Feni ikazunguka sana. Mwishowe karatasi ikatoka, Zamda akaisoma: "Suala lako limepokelewa na linashughulikiwa."

"Tumbaku ya Sikonge itachukuliwa lini?"

"Fika kesho."

"Kesho saa ngapi?"

"Mhusika ametoka kidogo."

Ndugu Shomari akajipiga paja. "Jamani, hii ni kompyuta kweli! Ya kwetu wizarani imetuchukua miaka kuifikisha hapa." Kisha akalitazama kasha kwa jicho la pembeni. "Ila ya kwetu haina adabu. Sijui hii ya Wanyamwezi." Akainama kidirishani, akapaza sauti: "Mwangaluka!"

"Mwangaluka!" kasha likaitika.

Hapakuwa na namna nyingine. Mnyamwezi aliyelelewa akalelewa hawezi kusalimiwa hivyo asubuhi akakaa kimya, hata akiwa mashine.

Watu wote wakaduwaa. Zamda aliona harusi inamponyoka. Lakini Ndugu Shomari alikuwa anatabasamu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani akikufanyia jambo, ukinuna, wewe ndiye mkosaji.

"Wanyamwezi bwana!" alisema. "Babu zenu walibeba mizigo mpaka kwetu. Ninyi mmeanza kujifungasha wenyewe. Fundi, pigilia misumari. Mzigo huu unaondoka na treni ya leo."

Kamati ikacheka mpaka ikashikana mabega. Ngumi zikalia ndani ya kasha.

"Mimi ni mwenyekiti!"

"Ooh," alisema Ndugu Shomari. "Basi fundi, tumia ile mirefu."

Wabebaji wakaliinua kasha kwenye mkokoteni. Mdomo wa Ndugu Justus ukatokea kidirishani.

"Zamda! Waambie! Jumapili mwanangu anapokea komunyo ya kwanza. Nisipokuwepo, nani atasimama naye?"

Zamda alimwonea huruma, na ilikuwa huruma ya kweli. Alikuwa amemsikia Ndugu Shomari akimnong'oneza Mabruki aing'oe misumari mara wakifika stesheni. Angeweza kumwambia. Alijifunga khanga vizuri, akakisogelea kidirisha.

"Pole sana, mzee," alisema. "Weka baba wa muda."

Akaelekea Ipuli kumtoa Tatu.