Sehemu ya Pili Yafika Visiga

Mjini Kibaha, ukipeana mkono na Sixtus ulihesabu vidole vyako. Lakini watu wa kijiji cha Visiga walikuwa bado wanampenda. Mwaka uliotangulia, enzi zile za foleni za sabuni, aliwapelekea filamu ya Kihindi: fundi baiskeli na binti wa tajiri wanakutana, wanagombana, wanaoana. Kihindi hakukijua hata cha kuombea maji, lakini alisimama ghalani kando ya shuka la kuonyeshea picha akatafsiri yote, tena kwa majigambo. "Mshenga wao ni mimi huyu! Nilipeleka posa mwenyewe!" Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma, wakamtunza kuku wa harusi.

Ndipo lilipomjia wazo, maskini wa Mungu.

"Sehemu ya pili imefika! Kiingilio kuku!"

Kuku hao aliwataka kufa na kupona. Akiwauza angekamilisha ng'ombe wa mahari ya Laurensia kule Magindu, ambako baba mkwe alishaanza kumkaribisha chai karani mmoja mwenye pikipiki.

Sehemu ya pili yenyewe haikuwapo. Alikuwa na mikanda ile ile mitatu ya filamu ya mwaka jana, basi akaanza na wa mwisho. Harusi! Vigelegele! Ukaja wa kati: ugomvi mtupu. Katika ule wa kwanza, bibi harusi akampita mumewe barabarani kana kwamba hamjui, na taa ikawashwa.

"Ndiyo basi?" aliuliza Mzee Ponsiano, mwenyekiti wa kijiji. "Ndoa tuliyoitolea kuku?"

"Ndoa ina mitihani, mzee wangu."

Bi Honorata, mwalimu wa kwaya, akasimama. "Jamani, ndoa ikivunjika huku kwetu anaulizwa nani?"

"Mshenga!"

"Basi kuku wetu tunawachukua. Na mashine yake ya filamu tunaishika mpaka awapatanishe."

Sixtus alifungua mdomo kupinga. Honorata akamsogelea sikioni. "Au niwaambie ni mikanda ya mwaka jana? Kaptura ya yule fundi yenye kiraka naijua." Mlangoni walisimama mgambo wawili. Sixtus akatoka mikono mitupu.

Jumamosi iliyofuata Honorata alitangaza sehemu ya tatu: wamerudiana! Kiingilio kuku, faida ya kwaya. Sixtus alipokuja kudai mashine yake, akakuta mkanda wa kwanza umeshafungwa mahali pake.

"Karibu, mshenga," Honorata alimwambia. "Njoo utafsiri. Na safari hii uwaoze vizuri."

Kwenye benchi la mbele alikaa Laurensia, na karani wake. Sixtus akasimama kando ya shuka, akaanza.