Baba Mkwe Anataka Kijana Siriasi

Asubuhi hiyo habari ya mjini pale kijiwe cha kahawa, Mkuyuni, haikuwa mpira wala bei ya mafuta. Habari ilikuwa kwenye simu ya Zadok, fundi wa injini za mitumbwi, ambaye kwa kuropoka kwake wanamwita Redio. Mzee Chenge wa Magu, baba wa mchumba wake Bernadeta, alikuwa njiani kuja kumwona kwa mara ya kwanza. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: binti yangu namtakia kijana siriasi.

"Umekwisha," alisema Masalu, anayeitwa Hakimu kwa kupenda kutoa hukumu asizoombwa. "Siriasi ni mtu asiyecheka. Wewe umecheka mpaka kwenye mazishi ya bosi wako."

"Jeneza lilikuwa na jina la mtu mwingine," Zadok alijitetea.

"Siriasi siyo kununa," akadakia Odoyo, dalali wa viwanja, jina la kijiweni Wahi-Wahi. "Mimi kwenye matangazo yangu naandika: wateja siriasi tu. Yaani mwenye hela mfukoni."

"Na hospitali wakikwambia mgonjwa wako yuko siriasi, ana hela?" Masalu akamuuliza.

"Hospitali ya kulipia, lazima awe nazo."

Dorotea, muuza kahawa, akasonya. "Hamjui kitu nyie. Mume wangu aliniambia yuko siriasi na mimi. Alikuwa anacheka, hana hela, na haumwi. Leo nina watoto wanne."

Zadok alimpenda Bernadeta jamani, acha tu, na mzee akikataa leo ndiyo basi tena.

"Sasa mimi niwe siriasi ipi?"

"Zote," Masalu akahukumu. "Nuna, na usijibu hovyo. Na sisi tutanuna, hakuna kuongea. Mzee akikuta kijiwe kizima kiko siriasi, atajua unakaa na watu."

Haikupita muda, Mzee Chenge huyo, kofia kichwani. Wakamwamkia kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Namtafuta kijana anaitwa Zadok."

Odoyo akatazama viatu vyake. Masalu akafumba macho. Moshi wa jiko ukamwingia Dorotea machoni, akajifuta machozi na khanga. Zadok mwenyewe aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Mzee akawatazama mmoja mmoja, akavua kofia taratibu.

"Jamani. Lini?"

Nani ajibu, na Hakimu ameshakataza? Mzee akakaa pembeni ya Zadok, akamshika bega. "Jikaze, kijana wangu." Kisha akapiga simu nyumbani. "Mama Bernadeta, yule kijana hatunaye. Rafiki zake ninao hapa, hata kuongea hawawezi. Na mimi nilikuja kumkubalia."

Ndani ya simu kikapanda kilio. Zadok akakijua ni cha nani, na moyo ukamuuma kweli kweli. Akasimama.

"Baba, Zadok ni mimi."

Hapo kijiwe kikavunjika. Odoyo akakumbuka ana mteja. Masalu akaondoka na kikombe mkononi, Dorotea nyuma yake akikidai.

Mzee alimkodolea macho weee, akarudisha kofia kichwani.

"Twende Magu ukajioneshe mwenyewe. Mimi siwezi kuwaambia umefufuka, watasema nimelewa."

Akatangulia hatua chache, akageuka.

"Kijana, hata kufa umeshindwa kuwa siriasi."