Mishipa ya Mguu Ilitoka Mwaka Jana

Jumatatu, 3 Juni

Imebaki wiki moja. Anatomia, fiziolojia, biokemia. Huu ni mwaka wangu wa pili nikiwa mwaka wa kwanza, na nikianguka tena nafutwa chuo. Wameshaniandikia hivyo, kwa lugha ya adabu kabisa. Sina hofu. Mwaka jana nilianguka kwa sababu nilisoma ovyo ovyo. Mwaka huu nina ratiba.

Nimeshinda kutwa nzima nikiichora. Karatasi ya manila, rangi nne. Nyekundu ni mada za kufa na kupona. Buluu ni za kupitia harakaharaka. Kijani ni zile ninazozijua tayari (hii imebaki wazi kwa sasa). Njano ni mapumziko. Njano ikaniishia alasiri, ikabidi nitoke kutafuta kalamu nyingine. Kitabu sijafungua, lakini msingi umemwagwa.

Mwenzangu wa chumba namwita Gundi, maana akikaa kitini habanduki. Yeye hana ratiba. Anafungua kitabu pale alipoishia jana, basi. Nikamuuliza atajuaje kama amechelewa. Akasema akifika mwisho wa kitabu atajua. Maskini. Nimemwonea huruma ya kweli.

Jumanne, 4 Juni

Ratiba imegoma. Nimezipanga mada upya na hazienei, hata nikiacha kulala. Nikawaza mpaka kichwa kikagonga, ndipo ikanijia: ya nini kusoma kitu ambacho hakitatoka? Nikakusanya mitihani ya nyuma. Kilichotoka karibuni nikakifuta. Mwalimu wa anatomia ni mtu wa heshima zake, hawezi kuuliza jambo moja miaka miwili mfululizo. Mishipa ya damu ya mguu ilitoka mwaka jana. Nakumbuka vizuri, ndiyo iliyonizamisha. Nimeipiga mstari kwa roho safi. Sura nzima, kwaheri. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kunyolewa.

Jioni mama akapiga simu. Mama ni fundi cherehani, na msimu huu wa sare za shule hainuki kwenye mashine. Ananiita daktari tangu siku nilipopata nafasi chuoni, na mtaa mzima umefuata. Akasema mguu wa kushoto umevimba kwenye shavu, chini ya goti kwa nyuma, una joto, na akiukanyagia unauma. Akauliza, baba, hii ni nini.

Ukweli ni kwamba sijui. Hiyo ndiyo sura niliyoifuta asubuhi. Lakini mama hakuuliza kama najua, aliuliza ni nini. Nikamwambia ni uchovu wa pedeli. Damu imelala chini, inataka kusukumwa juu. Achuliwe kwa mafuta ya uvuguvugu, kutoka kifundoni kupanda gotini, na mchuaji asimwonee huruma. Hilo la damu kupanda nililisoma mahali, au nilimsikia mtu. Mama akashukuru kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema dada alikuwa anataka kumpeleka hospitali kesho, sasa haina haja.

Gundi akageuka kitini. Jambo la nadra. Akauliza kama ni mguu mmoja tu. Akauliza kama una joto. Nikasema ndiyo, ndiyo. Akasema usichuliwe kabisa, apelekwe hospitali leo hii, huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Nilimtazama sana. Wiki ya mwisho kabla ya mtihani, na yeye anataka nitupe ratiba, nipande basi, nikakae kwenye benchi la hospitali na mama siku mbili. Tumekuja mjini wote, ndugu yangu. Nikamwambia ahsante kwa ushauri. Akanitolea macho kidogo, kisha akarudi kitabuni.

Alhamisi, 6 Juni

Jana haikusomeka. Leo nimefidia kwa akili. Nimewahi maktaba kabla haijafunguliwa, nikaazima sanduku la mifupa. Ni moja tu kwa darasa zima. Mifupa kwangu iko Jumamosi, nyekundu, kwa hiyo leo sikuwa na kazi nayo. Nia ilikuwa wengine wasiipate, hasa Gundi. Nikalisukuma chini ya kitanda, nikaenda kunywa chai kwa amani.

Niliporudi nikakuta Gundi na wanafunzi wanne wamekaa kitandani kwangu. Mmoja ameshika mfupa wa paja, mwingine fuvu liko mapajani mwake. Gundi anawafundisha. Wote wakanishukuru kwa ukarimu wangu. Sikuwa nimewaza kwamba Gundi na mimi tunalala chumba kimoja. Yaani nimelijua hilo mwaka mzima, ila sikuliwaza.

Nilikosa pa kukaa. Nikaenda kupiga simu nje. Mama akasema jirani anamchua kila asubuhi na kila jioni, na anauma meno kwa maumivu, lakini anavumilia kwa kuwa ni agizo la daktari. Uvimbe sasa umepita goti. Nikamwambia hiyo ni dalili njema, damu inapanda kama tulivyotaka. Dada akachukua simu. Akauliza kama nina hakika. Dada anafanya kazi kwenye tanuri la mikate na ana tabia ya kuuliza kama tuna hakika. Nikamwambia kati yetu wawili ni nani anayesomea udaktari. Akamrudishia mama simu.

Jumamosi, 8 Juni

Mama amepiga mapema. Anapanda ngazi za nyumbani na pumzi inakata katikati. Kifuani kuna kitu kinamchoma akivuta hewa. Nikamwambia ni wasiwasi tu, anaogopa mtihani wangu kuliko mimi mwenyewe. Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu.

Niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilisimama na simu mkononi, nikawaza kumuuliza Gundi. Alikuwa pale pale, hatua tatu kutoka kwangu, anatafuna mkate na kusoma. Nikimuuliza, nitakuwa nimekubali kwamba Jumanne alisema kweli, na kwamba siku zote hizi mama anachuliwa kwa sababu yangu. Nikajikaza. Nikatoa manila mpya na kuchora ratiba ya siku mbili. Nilitulia nilipofika kwenye buluu.

Halafu nikachukua hatua ya kiume. Nimezima simu mpaka Jumatano, mtihani wa mwisho ukiisha. Mama nilimwarifu kwanza, akasema sawa kabisa, nisome, yeye yuko salama. Nimebandika karatasi mlangoni na nyingine juu ya kitanda: HAKUNA MAZUNGUMZO.

Jumapili, 9 Juni

Nimesoma kurasa sita. Rekodi.

Alasiri simu ya Gundi ikalia. Akasikiliza, akasimama. Akatoka nayo, nikamsikia kwenye korido akisema sasa hivi, msingoje kesho, tafuteni gari. Matatizo ya kwao. Akarudi, akaja kusimama mbele ya kitanda changu. Nikamwonyesha karatasi. Akasema ingekuwa vizuri nikampigia dada yangu. Nikamwonyesha karatasi tena, kwa kidole. Akasema haya. Mbinu zake nimezizoea. Huwezi kumvunja mtu aliyejipanga.

Jumatatu, 10 Juni

Anatomia. Swali la kwanza, lenye alama nyingi kuliko yote: eleza njia ya damu kutoka mguuni mpaka kwenye mapafu.

Mwalimu wa anatomia hana heshima hata chembe.

Nilikaa nikiangalia karatasi nyeupe. Nikaanza kuandika mishipa ya mkono, nikitumaini msahihishaji atabadilisha kiungo mwenyewe. Nilipofika begani nikakumbuka kwamba damu ya mguuni nayo lazima ifike moyoni, na moyo huisukuma kwenda mapafuni. Kwa hiyo kilichoko mguuni kinaweza kwenda mapafuni. Nikaona mguu wa mama. Nikaona jirani na mafuta yake, anasukuma juu, kwa agizo langu. Nilitaka kuinuka.

Msimamizi akatangaza nusu ya muda imepita. Nikajiambia sasa ni Jumatatu, nitapiga Jumatano kama tulivyokubaliana. Nikaendelea na bega.

Jumatano, 12 Juni

Biokemia imeisha. Tusiizungumzie.

Nimewasha simu. Dada akapokea kabla haijaita vizuri. Mama yuko hospitali tangu Jumapili. Alianguka jikoni, midomo imebadilika rangi. Dada alinipigia, simu imezimwa, akampigia Gundi, namba yake anayo tangu simu yangu ilipoharibika nikatumia ya Gundi. Gundi ndiye aliyemwambia wasingoje, na waseme mlangoni kabisa kwamba mguu ulianza kuvimba halafu pumzi ikakata. Bonge la damu limetoka mguuni likapanda mapafuni. Daktari amesema wangechelewa mpaka asubuhi wangempoteza. Jioni ile Gundi alipiga tena, akataka kuniambia. Mama, na mpira wa oksijeni puani, akakataza. Akasema nisisumbuliwe, nina mitihani.

Halafu dada akasema jambo ambalo sijui niliandikeje. Daktari aliuliza ni nani aliyeagiza mguu uchuliwe, maana kuchua huko nusura kuue mtu. Dada akafungua mdomo. Mama akamshika mkono, akasema hakuna aliyeagiza, alijiamulia mwenyewe kwa ujinga wake.

Nimelia chooni mpaka mtu akagonga mlango. Nampenda mama yangu. Nilikuwa karibu kumwua, na bado ananikinga.

Niliporudi chumbani Gundi alikuwa anafunga begi. Nilitaka kumshukuru. Nilijipanga kabisa, nikavuta pumzi. Nikamuuliza kama amerudisha sanduku la mifupa maktaba. Akasema amerudisha. Akamwombea mama apone, akaondoka.

Jumapili, 16 Juni

Wodini, kitanda cha dirishani. Mama amekaa kitako, anakula, oksijeni imetolewa jana. Amepungua uso. Mguu bado mnene lakini umepoa. Wagonjwa wa jirani ameshawaambia mimi ni nani, na wananisalimia kwa heshima. Mmoja amenionyesha mgongo unaomuuma.

Nimekuwa na muda wa kufikiri, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa la Gundi. Mambo ya familia yangu yangepitia kwangu, mimi ndiye ningewaelekeza hospitali, na kwa utulivu zaidi. Nimekusudia kumweleza tukifungua chuo. Matokeo bado, lakini nimepiga hesabu, na kama msahihishaji ni mwelewa kuhusu lile bega, napita.

Dada ameondoka mchana kuwahi zamu ya tanuri. Kabla hajatoka alinivuta kwenye korido, akasema nikae na mama, nimpe maji, nimpe kampani, na akiuliza jambo lolote la ugonjwa nimwite muuguzi. Alilirudia hilo la muuguzi mara mbili. Nikasema sawa.

Muuguzi alikuja na vidonge vya kuzuia damu isigande tena. Alimweleza mama kitu kirefu, kwamba ni vya miezi, kwamba asiruke hata siku moja, hata akijisikia mzima. Alikuwa na haraka, wodi imejaa. Alipoondoka mama alikigeuza kile cha jioni kiganjani. Akasema tangu aanze kuvinywa akipiga mswaki anaona damu kwenye fizi, na tumbo linamchafuka. Akauliza kwa sauti ya chini kama kweli ni lazima miezi yote hiyo, au wauguzi husema tu. Akasema yeye humwogopa muuguzi kidogo. Akasema nimwambie mimi, anaamini neno langu.

Dawa ni somo la mwaka wa pili. Sijafika huko. Nilimtazama muuguzi kule mwisho wa wodi, na ni kweli nilitaka kuinuka. Lakini kitanda cha jirani kilikuwa kinasikiliza, na mama alikuwa amenielekezea uso wake uliochoka, anangoja.

Nikamwambia wauguzi huongeza chumvi ili wagonjwa wasizembee. Damu kwenye fizi ni ishara kwamba dawa imeshafanya kazi yake. Aache ya leo tumbo litulie, na akiendelea kujisikia vizuri hana sababu ya kujitesa. Mama akavuta pumzi ndefu, akanipapasa shavuni, akanishukuru. Akakirudisha kidonge kwenye pakiti, akalala.