Ombi la Kunyang'anywa Ubingwa wa Kutembea

Ndugu Mkuu wa Idara ya Barabara,

Kwa heshima zote, na kwa mkono ulioteguka mtaroni, mimi fundi cherehani wa mtaa wa bondeni naomba mtunyang'anye ubingwa mliotupa wa mtaa bora kwa waendao kwa miguu. Hatuustahili. Sababu ni hizi:

1. Makarani wenu walikaa kila mtaa saa mbili, wakahesabu wapitao. Mtaa wa juu, wenye njia laini, miti na mabenchi, walipata mlinzi mmoja na mbwa. Kwetu walipata watu elfu moja na mia nne. Ndugu Mkuu, tunatembea kwa sababu hata baiskeli haipiti.

2. Jirani yangu muuza mkaa alihesabiwa mara nne. Maskini, alikuwa anazunguka kutafuta pa kuvukia mtaro.

3. Kwa kuwa sisi ni mabingwa, zege la njia yetu limepelekwa mtaa wa juu, ili nao watiwe moyo. Mlinzi amefurahi. Mbwa sijamuuliza.

4. Mama yangu ana magoti mabovu. Dada yake, mama mkubwa, anakaa ng'ambo ya mtaro, hatua arobaini tu. Tangu ubao wa kuvukia uoze, yapata miezi saba sasa, hawajashikana mikono. Wanasalimiana kwa kupiga kelele, na sasa mtaa mzima unajua kwa nini mke wangu alininunia. Juzi mama alilia. Iliniuma sana, sifichi.

5. Kwa hiyo, siku ya kuhesabu ijayo hatatoka mtu. Watoto watasomeshwa kwa kupaziwa sauti dirishani, wagonjwa watajikaza, na mwenye kufa ataombwa asubiri kesho yake. Tukipata sifuri tutakuwa mtaa mbovu kuliko yote, na zege litakuwa letu kwa haki kabisa.

Njooni basi mlichukue bango lenu la ushindi, lile la chuma, refu kuliko duka langu.

Nisalimie makarani wote, pamoja na yule wa mapokezi aliyenirudisha mara tatu. Na nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo.

Wako mtiifu, atembeaye bila kupenda,
Fundi cherehani wa bondeni

N.B. Bango msilichukue kwanza. Nikiwa bado naandika, majirani wamelilaza juu ya mtaro na mama amevuka. Yuko kwa dada yake tangu asubuhi, wanacheka, hata kula hawataki kuitwa. Mwakani tutatoka wote, na atakayetaka atapita mara mbili. Ila bango lijalo liwe refu zaidi, maana mtaro wa upande wa shule ni mpana.