Ramani Tuliyoijaza Wenyewe

Ndugu Mkurugenzi wa Minara ya Upepo Baharini,

Pokea salamu zangu za heshima, ingawa nina kinyongo. Mimi ni nahodha wa boti ya uvuvi na mwenyekiti wa kamati ya manahodha ishirini na sita wa bandari hii. Naandika kuipinga minara yenu arobaini ya umeme wa upepo. Sababu zangu nimezipa namba ili usije ukasema zimekupita.

1. Mwaka jana mlituletea ramani, mkamwomba kila nahodha aweke alama pale anapovua ili minara ikae mbali na hapo. Ndugu yangu, nahodha hamwambii mtu chimbo lake la samaki. La kwangu hata mke wangu halijui. Kwa hiyo alama yangu niliiweka kwenye matope, mahali ambapo hata kaa walishahama. Kumbe na wenzangu walifanya vivyo hivyo. Nyinyi mkayakwepa matope kwa uangalifu mkubwa, mkaipanga minara juu ya samaki.

2. Mlituamini. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Ofisi nzima ya wasomi, yenye viyoyozi na mashine ya kahawa, inachukua maneno ya wavuvi ishirini na sita bila kuuliza hata majirani? Huo ni uzembe kazini.

3. Kwenye mkutano pale ukumbi wa shule, yule dada mpimaji wenu alionyesha ramani ukutani, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mnara namba saba ulikuwa umekaa juu ya chimbo langu kama kuku anayeatamia. Nilitaka kusimama. Lakini kwenye kiti cha jirani alikaa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, naye ni nahodha, na huu mwaka wa kumi na moja namdanganya kwamba navua kwenye matope. Nikabaki kitini. Ukumbi mzima ukatulia. Nanyi mkaandika kwamba hakuna pingamizi! Wavuvi ishirini na sita wakinyamaza kwa pamoja, mtu makini huuliza nani amefariki.

4. Chimbo hilo limesomesha wanangu wanne, na wa mwisho bado yuko darasani. Likifungwa sina pengine pa kwenda. Hapa sifanyi mzaha, naogopa.

5. Kwa hayo naomba minara yote ihamishiwe kwenye matope. Upepo wa huko ni huu huu. Na siku nyingine mkituuliza jambo, tafadhali msituamini.

Naambatanisha ramani mpya, safari hii ya kweli, yenye sahihi yangu na ya katibu wa kamati.

Nisalimie wote hapo ofisini, mpaka mlinzi wa getini. Dada mpimaji mwambie sina ubaya naye.

Wako mwenye kinyongo na heshima,
Mwenyekiti, Kamati ya Manahodha

Nyongeza: Barua hii naifunga kwa mkono wangu bila mtu kuisoma, lakini ramani haitoki bila katibu kuikagua, na katibu wetu ndiye huyo huyo shemeji. Kwa hiyo alama yangu nimeisogeza kidogo, imerudi kwenye matope. Alipomaliza kuisaini, nikaona na yeye ameweka alama yake hapo hapo pembeni ya yangu. Tafadhali amini barua, ramani iache. Ukitaka ukweli njoo peke yako. Ukija na mtu, nitakuonyesha matope.