Sabuni ya Lami na Zamu ya Ijumaa

Jumanne, 4 Februari
Kunawasha tena. Mara ya tatu msimu huu wa baridi! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hawakukosea hata inchi. Govi limevimba, kukojoa ni kilio. Nimelisugua kwa sabuni ya lami ya msonobari, mara mbili. Marehemu baba alisema ugonjwa usioponywa na sauna, pombe kali na lami, huo umekuja kukuzika. Kumechoma vibaya sana. Dalili njema: dawa inafanya kazi.

Alhamisi, 6 Februari
Kituo cha afya. Daktari Hellevi, binti mdogo, alinikagua kama fundi atazamavyo bomba linalovuja. Sukari yangu iko sawa. Akasema niache sabuni kabisa, nioshe kwa maji matupu, nipake krimu. Kuwashwa kukirudi, tohara ni njia mojawapo. Uamuzi ni wangu, hakuna haraka. Jando, mimi, mwenye wajukuu! Tena nikikatwa, mwezi mzima bila sauna.
Mwezi! Zamu yangu katika sauna, chumba cha mvuke cha jengo letu, ni Ijumaa saa moja jioni, zamu bora kuliko zote. Usipoitumia, unanyang'anywa. Ensio wa ghorofa ya tatu anaimezea mate miaka yote. Mke wangu Aune alipofariki, alinipa pole, kisha akauliza habari za Ijumaa.

Alhamisi, 27 Februari
Kuwashwa kumerudi. Hellevi kauliza kama sabuni nimeiacha. Nimejibu bila kupepesa macho: nimeacha. Si uongo sana. Natumia Ijumaa tu, na siku za kuwashwa. Akasema kama ni hivyo, tohara huenda ikanifaa. Nimekubali. Afadhali kisu kuliko kuungama mbele ya mtoto wa juzi.

Ijumaa, 21 Machi
Nilikatwa juzi. Ensio kanikuta ngazini. "Jirani, mbona unatembea kama bata? Nipishe leo, upumzike." Nikasema niliteleza kwenye barafu.
Akili ni mali! Nimewasha jiko la sauna, nikakaa chumba cha kuvulia nguo na sweta langu, mfuko wa njegere za friza mapajani kupoza kidonda, nikawa namwagia mawe ya moto ya jiko maji kwa kata kupitia mlangoni, naguna kwa raha ili nisikike nje. Kumbe Ensio "kasahau taulo". Kaingia, kaangalia sweta, kaangalia njegere. "Supu ikiiva, jirani, uniite."

Jumatatu, 24 Machi
Kamati ya jengo imeamua sauna si sebule. Ijumaa ni ya Ensio. Nimelia. Saa ile ndiyo tuliyokuwa tukikaa na Aune, bega kwa bega.

Jumapili, 27 Aprili
Nimepona, nimeruhusiwa. Zamu yangu mpya: Jumapili saa nane mchana, hata mawe yanasinzia. Ila hakuwashi kabisa! Ushahidi tosha kwamba sabuni haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la govi.
Ngozi mpya inastahili kilicho bora. Nimefungua kipande kipya cha sabuni ya lami, nimesugua mara mbili. Kumechoma vibaya sana.
Dalili njema.