Koti la Saizi Moja

"Nilikupa shuka, umenirudishia kitambaa cha kufutia pua," Mama Fundi alisema, mikono kiunoni, mlangoni kwa jirani yake dobi.

"Shuka lako lina kiburi. Nimelipiga pasi ya upole kabisa, likajikunja lenyewe nikiliangalia."

"Si nilikwambia usilipe moto kabla sijalibana kwenye fremu? Hii ni poliethilini, jirani. Ndugu yake mfuko wa plastiki, ila nyuzi hizi zimevutwa kiwandani mpaka zikawa na nguvu kama waya. Ukizipa joto zikiwa huru, zinasinyaa. Unazivuta kwanza, unapitisha joto dogo, unaziacha zipoe zikiwa zimebanwa. Hapo zinatulia."

"Hicho ni kitambaa au mgonjwa wa kuuguza?"

Kwenye benchi la dobi, akisubiri suruali yake pekee ya maana ikauke, alikaa Mtelezo. Jina alipewa na mtaa, kwa kuwa waliowahi kumkamata walibaki wameshika hewa. Aliokota lile shuka lililosinyaa, akajaribu kulikata kwa mkasi wa dobi. Mkasi ukatafuna kama kibogoyo. Kitambaa hakikuwa na habari.

Mtu mwema angefikiria aproni za mafundi vioo, na kweli ndiyo kazi iliyokusudiwa. Karakana ya vioo ilikuwa imemkabidhi Mama Fundi roli zima la kitambaa hicho. Mtelezo hakuwa na udhaifu wa kuwa mtu mwema. Yeye aliona koti.

"Dada yangu," alisema huku akiwatenganisha kwa tabasamu, "nishonee koti moja la mfano, pana kama hema. Nina mteja. Na hilo roli nimpelekee alione. Jioni litakuwa mezani kwako."

"Lisiporudi, karakana hawatanipa kazi tena maisha yangu yote. Nitakula fremu?"

"Dada, mimi ni mtu wa kukimbia na roli?"

Swali hilo, mtaani kwao, lilikuwa na jibu moja tu. Lakini ulimi wa Mtelezo ulikuwa na mafuta, na Mama Fundi alikuwa bado na hasira za shuka. Akakikata kitambaa kwa kisu cha moto, akashona, akampa na roli.

Mteja mwenyewe alikuwa mwenye duka la nguo, aliyeitwa Bei ya Jumla, mtu ambaye hata akipiga chafya hutamani kurudishiwa chenji.

"Mzee, unaweka saizi ngapi dukani?" Mtelezo alimuuliza.

"Ndogo, kati, kubwa, na kubwa ya kutisha."

"Zisizouzwa?"

"Zinanitazama."

"Sasa hili ni koti moja la watu wote. Mnene analivaa lilivyo. Mwembamba anapigwa pasi, linamkaa. Na kisu hakilikati. Nunua roli, shona saizi moja, rafu zingine panga sufuria."

Bei ya Jumla alimeza mate. Lakini hakutajirika kwa kuamini watu. "Nataka kuliona kwa mtu anayepumua. Livae wewe."

Wakaenda kwa dobi, mwenye pasi kubwa, roli likiwa juu ya mkokoteni wa mwenye duka. Mtelezo akatanguliza koti zito la baridi ili asiungue, juu yake akavaa lile hema. Kwa kuwa roli lilikuwa tayari kwenye mkokoteni wake, mwenye duka akatoa bunda la noti; Mtelezo akalitia mfuko wa ndani, akafunga vifungo mpaka kidevuni. Basi la jioni lilikuwa na kiti chake.

"Pitisha mikononi kidogo tu, kaka," alimnong'oneza dobi.

Dobi alitazama roli la jirani yake kwenye mkokoteni wa mtu. Akatazama lile koti lililomeza bunda. Ni kweli waligombana asubuhi, lakini ugomvi ule ulikuwa wao wawili. Hakuna aliyemwita mtu wa tatu aje kuvuna.

"Lala mezani," alisema. "Mikono tia mifukoni, isije ikaungua."

Akampiga pasi kwa moyo wote. Mgongo, kifua, mabega, kola, na mifuko hasa. Koti likanywea. Mtelezo alisimama amebanwa kama mto kwenye foronya ya mtoto, mikono imegandia mifukoni, vitundu vya vifungo vimefumba.

"Limekaa kama ngozi," Bei ya Jumla alifurahi. "Haya, livue."

Mtelezo akajipinda. Akajikunja. Dobi akaleta mkasi, ukateleza. Akaleta kisu cha jikoni, kikateleza. Furaha ya mwenye duka ilianza kupoa. "Kwani mteja wangu akitaka kuoga?"

"Hilo tunalifanyia kazi, mzee."

"Nipe hela yangu."

"Iko mfukoni."

"Itoe."

"Ndiyo hivyo tena."

Kelele zikamtoa Mama Fundi kwake. Alilizunguka koti lake taratibu, kama anayekagua pindo. "Kitambaa hakikatiki bila moto," alisema, "lakini mishono nilitumia uzi wa pamba. Inafumuka."

"Dada yangu wa damu," Mtelezo alisema.

"Asubuhi nilikuwa dada tu. Roli kwanza."

Bei ya Jumla alilibeba roli mwenyewe mpaka ndani kwa fundi. Ndipo sindano ikaanza kudonoa ubavuni. Bunda likachungulia, mwenye duka akalinyakua na kuondoka na mkokoteni wake bila kuaga. Kwa mbali basi la jioni likapiga honi. Mkono mmoja wa Mtelezo ulipotoka, Mama Fundi akaacha kufumua, akachomeka sindano kwenye kola ya gauni lake.

"Na huu mwingine, dada?"

"Mmoja unatosha kulia chakula. Huo mwingine una tabia ya kuondoka na vitu vya watu." Akamgeukia dobi. "Na wewe, mchoma mashuka, unasimama hapo unangoja kadi? Nimeshapakua. Mwingize na huyo, umkalishe kati yetu. Karibuni ndani, kinapoa."